Birame na Mashine ya Kukaangia Kahawa

Bega la Khoudia Ndiaye lilianza kugoma kabla mvua hazijaanza. Asubuhi moja alikuwa anafunga kilemba, mkono wa kulia ukafika usawa wa sikio, ukakataa kwenda mbele. Akajaribu tena, ukakataa tena. Akakifunga kwa mkono wa kushoto, kikakaa upande kama kofia ya mlevi, akatoka hivyo hivyo uani kuwasha moto, kwa kuwa kulikuwa na gunia la buni linamngoja, na wateja hawajui habari za mabega ya watu.

Alikuwa mkaanga kahawa. Katika mtaa ule wa Thiès, na hata mitaa ya mbali, vijana wanaosukuma vitoroli vya kahawa ya Touba na akina mama wanaouza kwa mabirika mbele ya misikiti, wengi wao walichukua kahawa kwake. Buni mbichi zilikuja kwa magunia kutoka Kodivaa, naye akizimimina kwenye karai la chuma pana kama mlango wa ghala, akasimama juu yake na mwiko mrefu, akakoroga na kukoroga bila kupumzika, maana buni ukizisahau kidogo tu, upande mmoja unageuka mkaa na wa pili ungali mbichi. Karibu na mwisho hutia jar, yale maganda meusi ya pilipili ya porini, ambayo harufu yake hupanda puani mpaka kwenye paji la uso. Bila jar hiyo si kahawa ya Touba, ni maji ya rangi. Karai alilirithi kwa mama yake, na mwiko vilevile. Bega nalo naona alilirithi, maana mama yake alikufa akiwa hawezi kuinua mkono kumpungia mtu.

Mganga wa mifupa alimkanda kwa mafuta ya karite mpaka akatokwa na machozi, kisha akamwambia, "Mama, bega hili halitaki dawa. Linataka uachane na huo mwiko."

"Nikiachana na mwiko nitakula nini?"

"Hapo sasa mimi si mganga wake."

Kosa la Khoudia lilikuwa kuyasimulia haya mbele ya mumewe, wamezunguka sinia la wali wa samaki.

Mumewe, Birame Gaye, alikuwa fundi wa kuchonga vyuma katika karakana ya reli, tangu ujana wake mpaka treni zilipoacha kupita. Baada ya hapo alirudi nyumbani na mikono isiyojua kukaa. Alitengeneza mlango wa banda la kuku wa kufunga kwa kamba na kapi, ukamkata jogoo mkia. Alitengeneza mfereji wa kukinga maji ya mvua, mvua ya kwanza ikayapeleka maji yote chumbani, juu ya godoro. Kila alichokianza Birame kilikuwa na akili ndani yake, hilo hakuna aliyelibisha. Tatizo lake lilikuwa kumaliza.

Akaweka kijiko chini. "Ndiaye," akasema. Alizoea kumwita mkewe kwa jina la ukoo, kwa heshima. Naye mkewe alimwita Baba Ngoné siku za amani, na siku nyingine alimwita Gaye. "Ndiaye, usihangaike. Mimi nitakutengenezea mashine."

"Mashine gani?"

"Ya kukaanga. Pipa linazunguka lenyewe juu ya moto, wewe umekaa kwenye kiti unakunywa maji. Kabla ya mwezi kuisha utakuwa nayo."

Khoudia alimtazama. Alitaka kumwambia asijisumbue, lakini bega lilikuwa linamuuma, na mtu mwenye maumivu huamini mambo. "Haya, Baba Ngoné," akasema. "Mungu akuwezeshe."

Hiyo ilikuwa mara tu baada ya Idi ya kuchinja. Mwezi uliisha, mwingine ukaingia.

Pipa lilipatikana siku ile ile, na hapo ndipo Khoudia alipodanganyika akadhani kazi ni nyepesi. Kaka yake aliyekuwa Italia aliwahi kuwaletea mashine ya kufulia nguo ambayo haikufua hata soksi, kwa kuwa maji ya bomba hayakuwa na nguvu ya kupanda ndani yake, na tangu hapo kuku walikuwa wakilala juu yake. Birame aliifungua akatoa tumboni pipa lake, linang'aa, lina matundu madogo mwili mzima. Akaligonga kwa kidole likalia kama kengele. "Chuma kisichoshika kutu," akasema, na uso wake ukawa wa kijana.

Kisha nyumba ikaanza kuliwa. Kwanza ilikwenda feni, ambayo Birame alisema imezeeka, wakati ilikuwa ikipuliza vizuri tu. Ikafuata baiskeli, cheni na pedali zake. Siku moja Khoudia aliketi kwenye benchi la uani kuchambua mchele, benchi likamwangusha chali, mchele ukamwagika mchangani na kuku wakasherehekea. Bolti zilikuwa zimekwenda kwenye mashine.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza akiwa bado chini.

"Nilisahau. Usilikalie kwa sasa."

"Kwa sasa mpaka lini?"

"Mpaka nipate bolti nyingine."

Binti yao Ngoné alipokuja kutoka Mbour na mtoto mgongoni, alikuta kitanda chake cha ujana hakina fremu. Chuma chake kilikuwa kimesimama uani kwa miguu minne, kimechomelewa, kimebeba pipa. Ngoné alilala kwenye mkeka siku zote alizokaa, na alipoondoka alimwambia mama yake kwa sauti ya chini, "Mama, funga kabati lako."

Ingekuwa Birame peke yake, Khoudia angevumilia. Lakini alikuwapo pia Gallaye Diop, dereva wa treni wa zamani, rafiki wa Birame tangu karakana. Gallaye alikuja kila baada ya sala ya alasiri, akaketi kivulini, akawasha jiko lake dogo la makaa, akaanza kupika chai: kikombe cha kwanza kichungu, cha pili kina sukari kiasi, cha tatu sukari tupu, na kati ya kikombe na kikombe unaweza kuzaa mtoto ukamlea. Akinywa alitoa ushauri. Kila ushauri aliutoa kwa upole, na kila ushauri ulikuwa na maana ya kubomoa kilichojengwa jana.

"Mimi ningeliinamisha pipa kidogo," alikuwa akisema. "Nyuzi chache tu. Buni zipate kutembea."

Na Birame alikuwa akisimama, akatafakari, akachukua msumeno.

Ndiaye na Diop ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo Khoudia alikuwa na ruhusa ya kusema lolote.

"Diop, nyumbani kwako hakuna chai?"

"Ipo. Ila huku ndiko kwenye watumwa wangu. Nakuja kuwasimamia."

"Mtumwa ni wewe, unafuata harufu ya wali wangu kama paka. Ungekuwa na akili ungekuwa Ndiaye."

"Ndiaye? Wale wanaoficha sinia mgeni akipiga hodi?"

Walikuwa wakicheka, hata Khoudia alicheka, kisha akarudi jikoni na kukuta jua limezama na mashine ina vipande vingi kuliko asubuhi.

Siku ya kujaribu mota ilifika. Birame alikuwa ameinunua kwa muuza vyuma chakavu, mota ya wipa ya gari dogo. Aliiunga na betri ya gari, akawaita watu waje kushuhudia. Alikuja Gallaye na chai yake, na jirani Tening Sène akachungulia juu ya ukuta akiwa na ndoo ya nguo. Birame aligusanisha waya. Pipa likashtuka, likazunguka nusu, likasimama, likarudi lilikotoka. Likaenda tena nusu, likarudi. Likaendelea hivyo, kwenda na kurudi, kwa utulivu kabisa.

Watu wakanyoosha shingo.

"Inafuta mvua," Gallaye akasema.

Tening aliangusha ndoo kwa kucheka. Birame aliinama, akaigeuza mota huku na huku. Ilikuwa ya wipa ya kioo cha nyuma, ambayo kazi yake ndiyo hiyo, kwenda na kurudi, tangu ilipozaliwa. Muuzaji hakumwambia, naye hakuuliza. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma Khoudia zaidi. Alionekana amefurahi kuwa kuna tatizo jipya.

Mota ya pili ilizunguka sawasawa, na jaribio la pili likafanywa kwa buni za kweli. Khoudia alitoa bakuli moja kwa mkono mzito. Pipa likazunguka juu ya nusu pipa la mafuta lililojaa makaa, na kwa muda mfupi mambo yalikuwa mazuri, mpaka buni zilipoanza kuchubuka. Hapo makapi, buni ndogo na maganda ya jar vikaanza kupita kwenye yale matundu na kudondokea motoni. Ukapanda moshi mweusi, mkali, wenye pilipili ndani yake. Ukaruka ukuta na kutua kwenye kamba ya nguo za Tening, mashuka meupe ya wageni wake.

Tening alikuja mwenyewe, macho yanamtiririka. "Khoudia, dada yangu, mimi nakupenda. Lakini mumeo anataka kutuua wote."

"Nisamehe, mama. Lete nguo nizifue."

"Utazifua kwa bega gani? Mwambie azifue yeye. Si ana mashine ya kufulia?"

Khoudia alimgeukia mumewe, lakini Birame hakusikia. Alikuwa amepiga magoti, ameingiza kidole kwenye tundu la pipa. "Inahitaji bitana," alikuwa anasema peke yake. "Bati la ndani. Jembamba, lakini si jembamba sana."

Wakati huo Magal, ile hija ya kila mwaka, ilikuwa inakaribia. Siku hizo nchi nzima hugeuka kuelekea Touba, na mahujaji hunywa kahawa njiani kama mchanga unavyokunywa maji. Kwa mkaanga kahawa hicho ndicho kipindi cha mwaka. Mteja mkubwa wa Khoudia, Mama Thioro, ambaye kila Magal alipeleka kahawa Touba kwa lori zima, alikuwa ameshaleta magunia yake, yamepangwa ukutani mpaka usawa wa dirisha. Kwa bega lile Khoudia alikuwa akikaanga kidogo kidogo, mwiko mkono wa kushoto, akipumzika kila mara, na alijua kwa mwendo huo Magal itapita magunia yangali yamesimama. Lakini angalau alikuwa na karai.

Basi siku moja alikwenda sokoni kununua jar. Alichelewa, maana jar ya mwaka ule ilikuwa na vumbi na ilimbidi achague. Alipokaribia nyumbani alisikia sauti ya msumeno wa chuma. Hakutilia maanani, sauti ile ilikuwa kama sauti ya kuku sasa. Akasukuma mlango.

Karai la mama yake lilikuwa mezani, limepasuliwa kama samaki anayeandaliwa kukaushwa. Vipande viwili vilikuwa vimeshanyooshwa kwa nyundo. Birame alikuwa akikata cha tatu, na alipomwona uso wake ulifunguka.

"Ndiaye, nimepata bati. Nimezunguka mji mzima natafuta, kumbe lilikuwa hapa hapa nyumbani. Unene wake ndio huo huo niliotaka. Tena hili limeshazoea kahawa."

Khoudia alitua kikapu chini taratibu. Gallaye, aliyekuwa akimimina kikombe cha pili, alimtazama usoni mara moja, akainuka na kutoka barabarani na kikombe mkononi, hakuaga.

"Gaye," Khoudia akasema, "hilo ni karai la mama."

Birame alitazama vipande. Ilionekana kwamba jambo hilo lilikuwa linamfikia sasa hivi, kwa mguu, kutoka mbali. "Ndiyo," akasema. "Ni lake. Sasa... sasa mama naye atazunguka."

Khoudia alitaka kumpiga na alitaka kucheka, na kwa kuwa hakujua lipi litatangulia, aliingia ndani akafunga mlango. Aliketi juu ya godoro. Alimfikiria mama yake amesimama juu ya lile karai, jasho linamtoka kidevuni na kudondoka pembeni, si ndani, maana alikuwa mwangalifu. Alilia kidogo, lakini hata kulia kulimchosha, bega lilikuwa linataka kuegemea kitu. Baada ya muda alisikia hodi.

"Umekasirika," Birame akasema nyuma ya mlango.

"Sijakasirika."

"Basi fungua."

"Nenda kamalize."

"Kumaliza nini?"

"Ulichoanza. Maishani mwako, hata kimoja. Hicho hapo."

Asubuhi yake Mama Thioro alipita kuulizia mzigo wake. Alisimama uani na mwavuli, akatazama magunia, akatazama kile kitu cha miguu minne, akatafuta karai kwa macho, hakuliona. Khoudia akamwambia kahawa itakuwa tayari. Mdomo ndio uliosema, moyo haukuwapo. Tening alijitolea kumwazima kikaango chake cha maandazi, naye akashukuru akakataa, kwa kuwa hata angepewa karai la dhahabu, mkono wa kukoroga haukuwapo. Wakaangaji wengine wote wa mji walikuwa juu ya moto wao wenyewe.

Akamfuata mumewe. Birame alikuwa amemaliza kutia bitana, na kwa haki, ilikuwa imekaa vizuri, imepigwa ribiti pande zote kama behewa. Lakini walipolijaza pipa buni, mota ilinguruma, ikatetemeka, ikanyamaza. Uzito ulikuwa umeishinda.

"Hii ni ndogo," Birame akasema. "Nitakwenda Dakar kesho. Kule kuna mota za malori. Nikikosa kwa siku ya kwanza, nitalala kwa binamu yangu, halafu..."

"Huendi popote."

"Ndiaye, bila mota..."

Khoudia aliokota spana mchangani. Alikuwa amemtazama akifungua na kufunga zile bolti kwa muda mrefu hata alijua kila moja inakaa wapi. Kwa mkono wa kushoto, akisaga meno, aliifungua mota, akaitoa, akamkabidhi mikononi kama anayemkabidhi mtoto aliyejikojolea.

"Weka mkono wa kuzungushia."

"Mashine ya kuzungushwa kwa mkono si mashine. Ni kinu."

"Basi ni kinu. Ulisema nitakaa kwenye kiti ninywe maji. Kiti kiko wapi?"

Akaenda mwenyewe kuchukua kiti. Akakiweka mbele ya mashine, akaketi, akawa anamwangalia. Birame alisimama na mota yake kifuani. Halafu akachukua pedali ya baiskeli na kwenda kuwasha kifaa chake cha kuchomelea. Kabla ya adhana ya adhuhuri mkono ulikuwa umekaa mahali pake. Miezi yote ile iliyopita, kilichokosekana kilikuwa mtu wa kumkalia mbele.

Wakawasha makaa. Birame akazungusha. Mara ya kwanza Gallaye alitokea mlangoni kuona kama hali imetulia, Birame akasimama kumweleza habari za ribiti, na katika muda huo wa maneno machache buni zikaungua. Khoudia alizimwaga mchangani.

"Diop," kisha akasema, "umekunywa chai hapa mpaka miti imekuzoea. Leo utailipia. Ukimaliza kuvua kanzu, utapokezana na mwenzako."

"Mimi? Ndiaye, mimi ni mtu wa kuendesha treni."

"Na hiyo inazunguka kama gurudumu. Endesha."

Mara ya pili zilikwenda vizuri zaidi, lakini ndani ya pipa hapakuonekana. Kwenye karai Khoudia aliziona buni zikipita rangi zote, majani, manjano, kahawia, na alijua papo hapo wakati wa kuzitoa. Sasa ilimbidi ainame kwenye mhimili, pua karibu na chuma cha moto, anuse na kusikiliza mpasuko wake, na kila akiinama bega lilimkumbusha. Akakisia, na alikisia sawa, ila alipoinuka alikuwa ameshika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, na midomo imekuwa myeupe.

Birame aliona. Alimwachia Gallaye mkono wa mashine, akaenda kwenye rundo lake la vyuma, akachagua kipande cha bomba. Akakikata ncha kwa mshazari, kama kalamu ya mwanzi ya mwalimu wa madrasa, akatoboa tundu katikati ya mfuniko wa pipa, bomba likapita humo bila kuzuia mzunguko. Akamwonyesha: ukilisukuma ndani linachota buni chache, ukilivuta unaziona kwenye ncha yake, ukilirudisha zinarudi. Khoudia akiwa bado kwenye kiti alilisukuma, akalivuta. Buni tano sita zilikuwa pale, kahawia, zinatoa moshi. Alizigeuza kwa kidole. Kitu pekee ambacho hakuna aliyemwomba Birame akitengeneze ndicho kilichokuwa sawa mara ya kwanza.

"Hii ni nzuri," akasema. Ilimtoka bila kupenda.

Walikaanga siku ile na siku zilizofuata. Wanaume walipokezana, mmoja akizungusha na mwenzake akipepeta makapi kwa ungo, kazi ambayo Gallaye alifanya vibaya sana, makapi yakawa kwenye ndevu zake. Tening aliinua shingo ukutani, akaona moshi umekuwa mwembamba na mweupe, akaanika nguo zake na kwa mara ya kwanza akasalimia mashine. Khoudia aliketi na bomba lake, akitia jar wakati wake, akitoa amri. Alikuwa bado na hasira. Zilikuwa zimekaa muda mrefu mno kuondoka kwa siku moja.

Alasiri moja Birame alikuja kuketi mchangani kando ya kiti chake, zamu ya Gallaye. Alikuwa akitazama viganja vyake. Malengelenge yalikuwa yamepasuka.

"Karakana ilikuwa na kelele," akasema. "Unakumbuka nilivyokuwa napaza sauti hata hapa nyumbani, mama yako akiniuliza nagombana na nani. Siku ya kwanza baada ya karakana kufungwa niliamka nikadhani nimekuwa kiziwi. Nikawa nasikia kuku tu." Akakunja vidole, akavikunjua. "Nikimaliza kitu, nyumba inanyamaza tena."

Khoudia angeweza kumwambia kuwa hata yeye aliamka asubuhi ile akasikia kuku, na kwamba mtu anaweza kusikia kuku bila kukata karai. Aliona viganja vyake vile. Akachovya kidole kwenye kopo la mafuta ya karite aliyopewa na mganga, akampaka kiganja kimoja, kisha cha pili, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Zamu yako, Baba Ngoné," akasema.

Lori la Mama Thioro liliondoka limejaa. Baada ya Magal alirudi, amechoka, sauti imemkauka kwa nyimbo za sifa, akasema kahawa imesifiwa, imeiva kila punje. "Ila magunia ya kwanza," akasema, "yalikuwa na harufu ya mbali. Watu wameshindwa kuitaja. Kama nguo iliyofuliwa."

"Hiyo ni sifa," Birame akasema.

"Nyamaza, Gaye," Khoudia akasema.

Bega halikupona kabisa. Lilifika mahali likasimama. Kilemba anakifunga kwa kuinamisha kichwa, mkono ukimfuata. Karai jipya Birame alilinunua kwa aibu, jembamba, la kuchemshia maji ya kuogea tu. Na mashine ilibaki uani, inalia kwenye mhimili, inakaanga. Habari zake zikasambaa. Wakaja wanawake wawili, wakaangaji wa Tivaouane, wameshika mikoba yao kwa mbele, wakaizunguka mashine, wakalijaribu lile bomba, wakaulizana kwa macho.

"Baba, unaweza kututengenezea kama hii?" mkubwa wao akauliza.

Birame alijinyoosha. "Kama hii siwezi. Nitawatengenezea bora. Hii ilikuwa ya kujaribia. Kwanza pipa lingetakiwa liiname, Diop aliniambia tangu zamani..." Mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni na kutoka na spana. "Nitaifungua tu kidogo, nichukue vipimo vya ndani. Jioni nitakuwa nimeirudisha."

Khoudia alikuwa akipepeta. Aliweka ungo chini, akaja akasimama kati ya mumewe na mashine, mgongo umegusa pipa ingawa lilikuwa bado na joto. Wale wanawake walirudi hatua nyuma.

"Pima kwa nje," akasema.

"Ndiaye, kwa nje sitajua unene wa..."

"Unajua unene wake. Ulilikata mwenyewe."

Birame alimtazama, akatazama wateja wake. Akarudisha spana mfukoni. Alitafuta kamba, akaja akaanza kupima akimzunguka mkewe kama mtu anayepima nguzo, akiomba radhi kila kamba ilipomgusa, naye Khoudia hakusogea wala hakumsaidia kushika ncha.

"Inua mkono kidogo," akasema Birame.

"Huu ndio mwisho wake," akajibu.

Birame akapitisha kamba chini ya kwapa lake, akafunga fundo mahali pa kipimo, akaendelea.